Mtumbwi Mwepesi

Jilala aliinama, akaingiza kichwa chini ya mtumbwi uliofunikwa kifudifudi, akausukuma kwa bega la kulia mpaka ukainuka, kisha akasimama nao. Kwa muda sikumwona mume wangu. Niliona mtumbwi wenye miguu miwili ya binadamu, ukipepesuka kwenye uwanja wa Mayunga mchongaji, katikati ya mabanzi na majivu, kama ndama aliyezaliwa asubuhi ile.

"Unaona?" Sauti yake ilitoka ndani, imezibwa kama ya mtu aliye mtungini. "Peke yangu. Unaona, Felisita?"

Nilikuwa naona. Ndiyo maana nilikasirika.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa. Uwanja ule ulikuwa na mitumbwi mitatu, na sisi tulikuwa na mtamba mmoja wa ng'ombe. Mtamba alikuwa amefungwa kwenye kigingi kando ya ua, anatafuna, hajui kwamba yeye ndiye anayejadiliwa. Nilimpata kwa pamba yangu mwenyewe, ya shamba nililolilima kwa jembe la mkono misimu miwili. Mayunga alikuwa amekwisha kumzunguka, akamfungua kinywa, akampapasa mbavu, akasema anatosha kwa mtumbwi wowote tutakaoutaka. Kilichobaki kilikuwa kuchagua tu.

Wa kwanza ulikuwa gogo la mvule, mpana, wa kutulia majini kiasi kwamba ungeweza kupiga ngoma ndani yake. Lakini kuuinua kulitaka wanaume wanne. Wa pili ulichongwa kwa mkuyu, mfupi, kitako bapa, na haukuwa na sura. Ubavu wake mmoja ulikuwa umevimba kama shavu la mtu anayeumwa jino, kwa sababu gogo lilikuwa na fundo mahali pale. Watu wawili wangeweza kuubeba, wakipumzika njiani. Wa tatu ndio huo uliokuwa kichwani mwa mume wangu: mwembamba, kuta zake nyembamba, pua imechongoka, umepakwa mafuta ya samaki mpaka unang'aa.

Mayunga alikuwa mtu wa maneno machache. Alitutazama sisi kwa jicho lile lile alilotazamia magogo, akitafuta palipo na ufa.

"Huu wa pili unataka watu wawili," alisema. "Huo wa tatu unataka mtu mmoja asiyekosea."

"Mimi sikosei," mtumbwi ulijibu.

Watu wa bara watauliza kwa nini mvuvi abebe mtumbwi badala ya kuuacha ufukweni. Mimi pia niliuliza nilipoolewa, maana kwetu ni Kasoli, kwa watu wa pamba, ambako maji ni kisima. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mwinuko, upande wa kwenda Kiloleli. Kati ya nyumba na ziwa kubwa kulikuwa na kidimbwi kirefu cha matete, kisha kilima cha mchanga, ndipo ziwa lenyewe. Mtumbwi ukiachwa kwenye mchanga siku moja tu, kesho yake unaukuta kuni, kwa sababu viboko walipanda hapo kwenda malishoni na hawakuona sababu ya kuzunguka. Mwenye chombo alivuka kidimbwi, akakibeba juu ya mchanga, akavua, akakibeba tena kurudi. Kila siku iendayo kwa Mungu.

Wenye watu wengi hawakuona tabu. Mtumbwi wa Januarius, ambao Jilala alivulia tangu ujana wake, ulivutwa na wanaume sita, na kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kushika, pa kudumu kama mahali pa mtu pa kulala.

Kisha yakaja mambo ya mkono wa Jilala. Mwaka mmoja kabla ya siku ile uwanjani, nilimsihi Jilala aende Kasoli amsaidie kaka yangu Marcelo kupeleka pamba kiwandani. Hakutaka. Alisema yeye ni mtu wa maji, na magunia yanamkausha koo. Nikamsihi tena, nikanuna, akaenda. Lori liliteleza kwenye tope jeusi la mbuga, likalala ubavu, na yeye alikuwa amekaa juu ya magunia. Marcelo alitoka na mchubuko. Jilala alitoka na mkono wa kushoto uliovunjika mara mbili. Ukaunga vibaya, ukabaki umekunjwa kwenye kiwiko kama wa mtu aliyebeba kitu kwapani. Vidole vyake viliweza kushika kijiko. Kamba havikuiweza.

Alirudi ufukweni hata hivyo. Asubuhi tatu alisimama mahali pake, na asubuhi zote tatu mtumbwi ulikwenda upande. Siku ya nne Januarius mwenyewe alikuja nyumbani, amevaa shati la kanisani.

"Mwangaluka, ng'wana Salu," alinisalimu kwa jina la baba yangu, kwa heshima zote.

"Mwangaluka, baba."

Alileta sato wawili wanene. Alisema Jilala apumzike kwanza, mahali pake pako pale pale. Kesho yake mahali pale palikuwa na Novatus, kijana mwenye shingo kama ya fahali. Heri Januarius angetukana, tungekuwa na la kumjibu. Lakini alikuwa ametuletea sato, na mimi niliwapokea kwa mikono miwili nikamshukuru.

Kwa hiyo mtamba wangu, na kwa hiyo uwanja wa Mayunga.

Mchongaji alitupeleka majini kujaribu, maana alikataa kutoa chombo ambacho mtu hajakikalia. Jilala aliingia kwenye ule wa mkuyu, akasimama, akajifanya anavuta nyavu, akapiga teke ubavu. Mtumbwi uliyumba, ukafikiri kidogo, ukarudi. Akaingia kwenye ule mwembamba. Alipoketi, ulikwenda kama mshale. Aliposimama ulimtema. Maji yalikuwa ya kiunoni, akainuka akicheka, na hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa muda mrefu.

"Chukua wa pili," nilimwambia tulipobaki wawili. "Nitabeba upande mmoja."

"Leo utabeba. Na siku ya palizi? Na siku una mimba?"

"Nitabeba."

Alijikamua maji kwenye shati kwa mkono mmoja. Alikuwa na namna yake ya kukamua nguo, akiibana kwenye paja, na sikuzote nilitaka kumsaidia na sikuzote alinigeuzia mgongo.

"Felisita," alisema, "nimebebwa mwaka mzima."

Majibu yalikuja baadaye, nikipalilia, nikitwanga, majibu mazuri sana, na hakuna aliyekuwapo kuyasikia. Siku ile nilimfungua mtamba kwenye kigingi, nikampa Mayunga kamba, nikabeba kasia. Jilala alitembea mbele na mtumbwi kichwani njia nzima. Alisimama mara tatu, na kila mara alisema anatazama mashamba ya watu, ingawa aliyekuwa ndani ya mtumbwi hakuweza kuona zaidi ya vidole vyake vya miguu.

Wiki zilizofuata sipendi kuzikumbuka, lakini ndizo ninazozikumbuka vizuri.

Kupiga kasia kwa mkono mmoja katika chombo chepesi ni kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Alijifunga kasia kwenye kigasha cha kushoto kwa ukanda wa ngozi. Ukanda ulimchuna. Akaweka kitambaa chini ya ukanda, kikalowa, kikateleza. Kuvuta nyavu ukiwa umeketi hakuwezekani, na akipiga magoti mtumbwi ulilala upande. Akabuni mawe: aliyapanga kwenye kitako, mawe ya ukubwa wa viazi, na kweli chombo kikatulia kama ng'ombe aliyeshiba. Lakini mawe yale aliyaokota kwenye miamba, akayavusha mchangani kwa kikapu, safari mbili, ndipo avue. Mtumbwi ulipopinduka mara ya kwanza mawe yalizama yote, ukabaki vile vile ulivyokuwa, mwepesi na mwenye hasira. Akaenda kuokota mengine.

Alirudi na furu wanane, visamaki vya kujaza kiganja. Siku nyingine watano. Siku moja alirudi na mumi mkubwa, akapita mbele ya nyumba za watu wote ili aonekane, na usiku wake hatukuzungumza jambo lingine. Kesho yake hakupata kitu. Wiki ya tatu tulikula ugali wa mtama kwa mlenda siku tano mfululizo.

"Upepo," alisema.

Siku nyingine, "Nyavu imechakaa."

Mtumbwi hakuutaja hata siku moja. Nami nilinyamaza, lakini nilinyamaza kwa kelele. Niligonga vyungu. Nilifagia uwanja akiwa amekaa, nikamfagilia vumbi miguuni. Kwenye jiko langu kichanja cha samaki kilikuwa kitupu, na kila nilipokitazama nilimwona mtamba wangu akinywa maji kwenye zizi la mtu mwingine. Tena palikuwa na jambo la chini zaidi, ambalo sikuligongea chungu: ni mimi niliyemsihi aende Kasoli. Jilala hakunikumbusha kamwe. Laiti angenikumbusha, tungegombana tukamaliza.

Asubuhi moja nilimwambia nakwenda kukata mafunjo ya mkeka. Nilikuwa na panga mkononi kama ushahidi. Kweli nilikwenda kumtazama, na nilijificha nyuma ya kilima cha mchanga kama mwizi.

Alikuwa ametega karibu na ufuko, pale ambapo chini panakatika ghafla na maji yanabadilika rangi. Upepo ulitoka ng'ambo ya ghuba bila kubisha hodi. Nikamwona amepiga magoti, kamba ya nyavu ameing'ata kwa meno, mkono wa kulia unavuta. Kitu kizito kilikuwa ndani, kamongo nadhani, maana nyavu iliruka mara moja kama inayovutwa na mtu wa chini. Kisha nikaliona tumbo la mtumbwi. Liling'aa vizuri sana juani.

Sikujua kuogelea, wala leo sijui. Nilitupa panga, nikaingia. Maji ya magotini, ya kiunoni, ya kifuani. Mchanga ulikuwa ukihama chini ya nyayo. Jilala alikuwa pima tatu au nne mbele yangu, mkono wa kulia umeukumbatia mtumbwi uliopinduka, na kila alipojaribu kuupanda uligeuka kama gurudumu ukamrudisha chini. Aliponiona, macho yake hayakufurahi.

"Rudi!" alipiga kelele. "Rudi nyumbani, Felisita!"

Nilifungua kaniki yangu ya juu, nikashika ncha moja, nikarusha nyingine. Mara ya kwanza upepo uliirudisha usoni kwangu. Mara ya pili ilitua karibu na shavu lake, nyeusi, imetanda juu ya maji.

Aliitazama. Hakuishika.

Watu hudhani mtu anayezama hushika chochote. Mimi nilimwona mtu anayezama akifikiri. Wimbi likampita kichwani, akatokea, bado anaitazama ile nguo kama mtu aliyewekewa chakula nyumbani kwa adui.

"Jilala," nilisema, na sikupiga kelele, sikuwa na pumzi, "usiposhika nakuja huko huko."

Nikapiga hatua. Mchanga haukuwapo. Maji yakaniingia kinywani.

Ndipo aliposhika. Mkono wa kulia hakuutoa kwenye mtumbwi. Aliinua ule wa kushoto, akaizungusha kaniki kwenye kiwiko kile kilichokataa kunyooka, akakibana ubavuni, kikafunga kama ndoano. Nilirudi kinyumenyume, nikivuta, nikimeza ziwa, mpaka mchanga ukarudi chini ya visigino vyangu. Mtumbwi ilibidi auachie. Nilisikia sauti aliyoitoa alipouachia.

Ufukweni alitapika maji. Alipomaliza nilimpiga. Nilimpiga begani kwa ngumi iliyolowa, mara mbili, na mara ya tatu mkono haukufika. Hakujikinga.

"Unakwenda," alisema.

Kweli ulikuwa unakwenda, umepinduka, unaruka juu ya mawimbi kuelekea miambani, mwepesi kama siku tulipouchagua. Tulikaa pale tukiutazama, mimi nimejifunga nguo iliyolowa, yeye anatetemeka, mpaka tuliposikia mlio wa mti na jiwe. Haukuwa mlio mkubwa.

Kesho yake tulikwenda kwa Mayunga, na safari hii nilitangulia mimi. Njiani nilikuwa nimeupanga mtumbwi wa mkuyu kichwani mwangu, na shavu lake lililovimba, na nilikwisha kuupenda.

Haukuwapo. Kwenye mavumbi palikuwa na alama ya kitako chake tu, bapa, na kuku wanachakura.

"Ndugu wawili wa Kiloleli," alisema Mayunga. "Leo siku ya nane."

Nilikaa juu ya gogo. Nilimkasirikia Mayunga, na hao ndugu wa Kiloleli nisiowajua, na Januarius na samaki wake, na Marcelo, na lori, na zaidi ya wote mtu aliyesimama kando yangu akichora ardhi kwa kidole cha mguu. Nilijikasirikia na mimi. Yalikuwa mengi mno kwa asubuhi moja.

Mayunga alisema mtumbwi wetu uliopasuka, kama tutauleta, utafaa kukatwa uwe hori la kunyweshea ng'ombe. Angetuchongea mwingine. Badala yake nitamlimia majaruba yake ya mpunga mpaka mavuno, na Jilala atamsaidia kuchoma na kukwangua.

"Lakini sasa sichongi kwa macho," alisema. "Inukeni."

Alituonyesha gogo bichi lililolala kando ya ua, akatuambia tulibebe, mmoja mbele mmoja nyuma, tukazunguke nalo uwanja. Hatukufika nusu. Akachukua shoka, akakata kipande. Tukabeba tena. Akakata tena. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, na nyuma yangu nilisikia pumzi za Jilala, na sikujua kama ni za kuchoka au za aibu, maana watu wawili watatu walikuwa wamesimama nje ya ua wakitazama. Mara ya tano tulizunguka uwanja wote bila kuliweka chini.

"Hapo," alisema Mayunga. "Uzito ni huo."

Kisha akamwaga maji chini, akalainisha udongo, akaniambia nikae kama mtu aliye ndani ya chombo. Nikakaa. Akachora mstari kushoto kwangu na kulia kwangu kwa kipande cha mkaa.

"Kwa nini unampima yeye?" Jilala aliuliza.

"Nani mwingine atakaa mbele?"

Pale ufukweni kwetu mwanamke hakupanda mtumbwi wa uvuvi. Walisema samaki wanamsikia. Niliinamisha macho kwenye ule udongo, nikasubiri mume wangu ayaseme hayo, na nilikuwa nimekwisha kuandaa la kumjibu, safari hii mapema.

Jilala alisogeza mguu wake nyuma, maana ulikuwa umekanyaga mahali mstari ulipotakiwa kupita.

"Mpanulie hapo kwenye magoti," alimwambia mchongaji. "Huyu akichoka hupiga magoti. Nimemwona shambani."

Ilichukua miezi miwili na siku kadhaa. Mimi nilikuwa kwenye tope la Mayunga, ruba wakininyonya mashavu ya miguu, shamba langu mwenyewe likiota magugu. Jilala alikwangua tumbo la mtumbwi kwa tezo ndogo, mkono mmoja, akiwa amebana ukingo kwa goti. Jioni tulirudi pamoja na tuligombana njia nzima. Yeye alitaka kuta zipunguzwe zaidi. Mimi nilitaka kitako kiachwe. Mayunga alitusikiliza wote wawili na akafanya alivyotaka.

Siwezi kusema ulikuwa mtumbwi mzuri. Ulikuwa mzito kuliko lile gogo, maana mti ulikunywa maji, na uliyumba kuliko nilivyoahidiwa. Siku ya kwanza tulipouvusha mchangani, tuliuweka chini mara nne. Wanaume wa Januarius waliacha kuvuta wao wakatutazama.

"Jilala!" Novatus aliita. "Siku hizi unavua na mama watoto?"

Nilikuwa mbele, kichwa kimo ndani ya mtumbwi, sikumwona mume wangu uso. Nilisikia nyayo zake mchangani, hazikupunguza wala kuongeza mwendo. Miaka mingi baadaye, wavuvi wawili wa Lamadi walipoanza kuvua na wake zao, na hakuna aliyeuliza samaki wanasikia nini, Novatus aliniambia hakumbuki kama aliwahi kusema neno lile. Labda hakumbuki kweli.

Nyavu tuliazima. Tulitega asubuhi, tukasubiri ndani ya chombo, jua likitupiga utosini. Ulipofika wakati wa kuvuta, Jilala alijibana nyuma, akaegemeza kasia kwenye maji.

"Simama," alisema.

"Utapinduka."

"Utayumba. Haupinduki. Simama."

Nilisimama. Mtumbwi ulilala upande wa kulia, maji yakapanda mpaka karibu na ukingo, nikaona rangi yake kwa karibu sana, kijani na kahawia, na nikasikia kasia la mume wangu likisukuma upande wa pili. Ukarudi. Nikavuta pima ya kwanza. Ukalala tena, ukarudi tena. Nilikuwa nikimtukana kimoyomoyo, yeye na Mayunga na aliyeumba maji, na nilikuwa nikivuta.

Nyavu yote ilipokuwa miguuni mwangu tulihesabu furu watatu, na konokono mmoja asiye na kitu ndani.

Jilala alisogea polepole, akawachomoa kwenye matundu mmoja mmoja, akawalaza juu ya jani. Aliwatazama. Akatazama upepo unavyolaza matete.

"Kesho tutatega kule," alisema, akaelekeza kwa kidevu.

Nilitazama kule. Palikuwa mbali, na palikuwa na mawimbi. Nikamwambia nimepaona, tukageuza pua ya mtumbwi, kwa sababu ulikuwa bado unatakiwa kubebwa mpaka nyumbani.